Nyonga ya Kipa

Kila Septemba Dafroza alijua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua. Timu ya Korongo, inayocheza hoki ya barafuni na kufanya mazoezi yake Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, jimboni Ohio, Marekani, ilikuwa ikiita wachezaji hamsini na wawili kugombea nafasi ishirini na tatu, na kila mmoja alipewa jezi yenye jina mgongoni. Majina hayo aliyashona Dafroza. Mechi za majaribio zilipoanza na kocha akaanza kupunguza watu, mkuu wa stoo ya vifaa alimletea kikaratasi chenye majina ya kufumuliwa. Dafroza alishika wembe, akakata uzi mmoja baada ya mwingine, huku upande wa pili wa ukuta akimsikia mwenye jina anacheka na wenzake bafuni. Kijana wa watu bado anajipaka sabuni, na jina lake limeshatupwa kwenye kopo la vitambaa.

Kazi hiyo ilimfundisha kunyamaza. Angalau yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alitoka Burundi akiwa na kumi na minne, akakulia kambini Kanembwa, upande wa Kibondo, na huko masista walimfundisha cherehani, akashona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Marekani ilimpokea kupitia Louisville. Aliishi South End miaka mitatu, akipanga viatu kwenye ghala, kisha mumewe Pantaleo akapata kazi Columbus, wakahamia Whitehall, kwenye maghorofa ya kupanga ambako ukikaanga dagaa majirani watatu wanagonga kuuliza wewe ni mtu wa wapi. Dada yake Generoza alibaki Louisville. Wenzao wa kambini walitawanyika, wengi wakaenda Buffalo.

Kambini alijifunza pia kushuku. Watu walificha tarehe ya usaili wao wa kuhamia ng'ambo, wakaficha namba ya faili, wakaficha hata nchi waliyoahidiwa, maana jirani mwenye wivu aliweza kupeleka maneno ofisini na safari ikafa. Kitu kimoja tu hakikufichwa, nacho ni ugonjwa. Mgonjwa alitajwa kwa jina, kiungo kinachomsumbua kikatajwa, na watu wakapiga magoti. Mtu aliyeficha ugonjwa alihesabiwa kuwa anajinyima mwenyewe.

Stoo ya vifaa ilikuwa na watu watatu. Mkuu wao alikuwa Bwana Hostetler, mtu wa mashambani Ohio, mpole, mwenye tabia ya kuhesabu taulo mara mbili. Wa pili alikuwa Bahizire, Mkongomani wa Bukavu, aliyenoa vyuma vya viatu vya barafu na kupima ukali wake kwa kupitisha ukucha. Wa tatu alikuwa Dafroza na cherehani yake. Pembeni ya cherehani zilitundikwa jezi za njano. Mchezaji aliyevaa njano mazoezini hakuruhusiwa kugongwa, kwa kuwa alikuwa na jeraha.

"Mama Dafro," Bahizire alimwambia siku moja, "nishonee miye moja ya njano."

"Ya nini?"

"Nivae ku nyumba. Bibi asinigonge."

"Acha kumkosea, hatakugonga."

"Bon, hiyo ni kazi nguvu. Ya njano ni rahisi."

Walicheka pamoja. Bahizire alikuwa hivyo, mtu wa maneno, na simu yake haikukauka. Kila mapumziko alikuwa akiongea na mdogo wake Zéphyrin aliyeko Buffalo. Dafroza aliliona hilo bila kulitilia maanani. Baadaye ndipo alipolikumbuka.

Jumatatu ya wiki ya pili aliingia kipa, Aarni Halkola, mtu mrefu mwenye haya, kutoka Finland. Mkononi alikuwa na suruali yake ya kuchezea, akaomba ilegezwe upande wa kushoto. Dafroza alimsimamisha kwenye kigoda, akapitisha tepu kiunoni, akashuka. Alipogusa nyonga, kipa alivuta pumzi kwa meno.

"Panauma tangu lini?"

"Hapaumi, Mama."

"Suruali imeshaniambia. Umebaki wewe tu."

Halkola alitabasamu, akatazama mlango kuhakikisha umefungwa. Kisha akasema polepole, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kama cha Dafroza, kwamba Alhamisi atapasuliwa. Daktari ameona mfupa umekwaruzika ndani. Suruali ililegezwa ili avae mkanda wa kushikilia nyonga mpaka siku hiyo, aonekane mazoezini kama mzima.

"Nyumbani wanajua?"

"Mama yangu hajui. Moyo wake si mzuri. Nitamwambia ikishapita."

Alipotoka, Bwana Hostetler aliingia na kufunga mlango. "Dafi, hiyo suruali hujaiona," alisema. Akaeleza, maana alikuwa mtu wa kueleza. Timu ilikuwa inatafuta kipa mwingine kutoka timu nyingine kabla msimu haujaanza. Wenye kipa huyo wakijua Korongo wamebaki na kijana wa miaka kumi na tisa langoni, watadai mchezaji bora wa kubadilishana naye. Akikosekana mazoezini, kwa waandishi wa habari jibu litakuwa moja: ana jeraha sehemu ya chini ya mwili, anaangaliwa siku kwa siku. Jumamosi kuna mechi ya majaribio Buffalo, na hata kikosi cha siku hiyo kitatangazwa dakika za mwisho. Wanaojua ni kocha, daktari, na wao watatu wa stoo, kwa kuwa Bahizire alishaagizwa kunoa viatu vya kijana.

Dafroza aliitikia kwa kichwa. Lakini akiendesha gari kurudi Whitehall, jambo lile lilimkaa vibaya. Sehemu ya chini ya mwili. Mtu atamwombeaje mwenzake kwa maneno kama hayo? Kijana wa watu anakwenda kulala chini ya kisu, mama yake hajui, na nchi nzima itaambiwa anaangaliwa siku kwa siku. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mbele za Mungu.

Jumanne saa kumi na mbili jioni aliingia kwenye simu ya rozari.

Jumuiya ya Mtakatifu Ana ilianza na wanawake saba wa mtaa mmoja pale Kanembwa. Sasa ilikuwa na watu mia mbili na kumi na wanne, Warundi, na Wakongomani walioolewa humo au kuvutwa na marafiki, na kila Jumanne wale wasio na zamu ya kazi walikutana kwa simu kutoka Louisville, Columbus na Buffalo. Generoza aliiongoza akiwa jikoni kwake South End. Kabla ya rozari alikusanya nia, yaani majina ya wa kuombewa, akiziandika kwenye daftari, na baada ya rozari alizituma kwenye kundi ili walio kazini nao waombe kwa wakati wao. Generoza hakupenda nia za juujuu.

"Columbus, mna wagonjwa?"

"Tunaye mmoja, Dada. Ni wa kazini kwangu."

"Ana jina?"

"Mungu anamjua."

"Mungu anamjua, sisi je? Wiki jana Buffalo walituletea mtu fulani mwenye shida fulani. Tumemwombea, na mpaka leo hatujui kama amepona au ameolewa."

Watu wa miji mitatu walicheka. Dafroza akacheka nao, akajiona mshamba kuficha jina la mgonjwa mbele ya watu waliomjua tangu hana viatu.

"Aarni," alisema. "Kipa wetu. Nyonga ya kushoto. Anapasuliwa Alhamisi. Tena tumwombee na mama yake, yuko mbali, mgonjwa wa moyo, na hajaambiwa."

"Hiyo ndiyo nia," alisema Generoza.

Alhamisi Halkola alipasuliwa. Ijumaa asubuhi Bwana Hostetler aliwaita Dafroza na Bahizire kwenye meza ya kukunjia taulo, akashika simu yake mbali na macho, akawasomea mistari miwili kutoka ukurasa wa mtandaoni wa mashabiki wa Buffalo. Kipa wa Korongo si mzima. Nyonga yake ya kushoto imepasuliwa jana.

"Ile timu nyingine imepiga simu saa moja iliyopita," alisema. "Bei imebadilika. Ofisi inataka kujua maneno yametoka mlango gani."

Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka nyuma yao, na Dafroza alijikuta anautazama mkono wa Bahizire uliokuwa mfukoni, juu ya simu. Alianza kuunganisha mambo. Zéphyrin yuko Buffalo. Jumatatu Bahizire aliuliza ile suruali ni ya nani. Jumatano alitoka nje mara mbili kuongea, akaegemea gari lake, akashusha sauti. Kila jambo lilikuwa dogo, lakini kambini alishaona safari za watu zikifa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Bahizire naye alimtazama. Macho yake yalisimama kwake muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na Dafroza akasema moyoni kwamba hivyo ndivyo mwenye hatia anavyotazama, anapima kama umemjua.

Waliitwa mmoja mmoja. Ofisi ya Bwana Hostetler ilikuwa na harufu ya chuma kilichonolewa. Alimuuliza kama amemwambia mtu yeyote, na Dafroza akasema hapana bila kusita, wala hakujiona anasema uongo. Kuomba hakukuwa kumwambia mtu. Jambo la rozari halikumjia akilini hata kidogo.

"Unamshuku mtu?"

"Simjui." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema huenda mvua ikanyesha, "Ila Bahizire ana mdogo wake Buffalo. Wanaongea kila siku."

Bwana Hostetler aliandika. Saa sita Bahizire alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani, akachukua jaketi lake. Alipopita kwenye cherehani hakusimama.

Jumamosi Dafroza alisafiri na timu Buffalo, mwendo wa zaidi ya saa tano, kufanya kazi ya watu wawili. Kule kila mtu alimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Daktari alikula peke yake. Kocha alifuta ubao kabla hajamaliza kuandika kikosi. Mchezaji mmoja alipopokea simu, wengine walinyamaza ili wasikie anasema nini. Na ndani ya uwanja, nyuma ya lango la Korongo, mashabiki wa Buffalo waliinua bango lenye mchoro wa mifupa ya kiuno, upande wa kushoto umepigwa msalaba mwekundu. Kijana wa miaka kumi na tisa aliruhusu mabao matano. Kila bao lilipoingia, bango lilichezeshwa.

Kwenye basi la kurudi, Jumapili asubuhi, Dafroza hakulala. Alimwona Bahizire anavua kitambulisho. Alikuwa na mke na watoto wawili. Lakini kama ametenda, ametenda, na dawa ya mkosaji ni kukiri. Akamwandikia Generoza: Dada, tumwombee Bahizire wa Columbus. Amesimamishwa kazi kwa kutoa siri. Mungu ampe moyo wa kusema kweli. Generoza hakungoja Jumanne, akaituma kwenye kundi papo hapo. Dafroza alijisikia amefanya jambo jema. Ndipo akapata usingizi kwa maili kadhaa.

"Una hakika ni yeye?" Pantaleo alimuuliza alipofika nyumbani. Pantaleo alikuwa na mazoea ya kuuliza akiwa ameshika kitu kingine, na siku hiyo alikuwa anakwaruza sufuria.

"Nani mwingine?"

"Sijui. Mimi sipo pale. Nauliza tu."

"Ungemwona macho yake."

"Hata mimi ukiniangalia sana macho yangu yanakuwa hivyo," alisema Pantaleo, akaendelea na sufuria.

Jumatatu Bwana Hostetler alimwekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa na maneno yake ya Ijumaa, yamechapwa vizuri, na mstari wa kutia sahihi. Ya pili ilikuwa nakala ya ule ukurasa wa Buffalo, wote, kama ulivyokuwa. Akishatia sahihi, ofisi itafunga suala la Bahizire kabla ya saa kumi jioni. Atakuwa hana kazi, na barua itakayoandikwa itamfuata kila atakakoomba nyingine.

Dafroza alisoma Kiingereza polepole, kidole chini ya neno. Alisoma ya kwanza. Alikuwa amesema hivyo kweli. Akachukua ya pili kwa desturi tu ya mtu aliyekulia kambini, ambaye hatii sahihi kabla ya kusoma kila kilichobanwa pamoja. Nyonga ya kushoto. Imepasuliwa jana. Kisha mstari ambao Bwana Hostetler hakuusoma Ijumaa: hata mama yake mgonjwa, huko Finland, hajaambiwa.

Kidole kilibaki pale.

Bahizire hakujua habari za mama. Kocha hakujua, wala daktari. Kipa aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye kigoda, mlango umefungwa, na Dafroza akayasema tena mahali pamoja tu. Alisikia kicheko cha miji mitatu. Kati ya watu mia mbili na kumi na wanne, nani aliyeyachukua? Mkwe wa mtu, mpangaji wa mtu, mtoto aliyekuwa anafanya kazi za shule huku simu ya mama yake iko wazi mezani? Alianza kuwapitia watu wa Buffalo jina kwa jina, na kila jina likageuka la kushukiwa, mpaka alipotambua kwamba anafanya tena kilekile alichomfanyia Bahizire.

Alirudisha kalamu.

"Bwana Hostetler, ni mimi."

Alimweleza. Bwana Hostetler alimsikiliza akiwa amekunja mikono, na uso wake haukulegea, ulizidi kukaza.

"Nani alikulipa, Dafi?"

"Hakuna."

"Watu hawatoi siri ya timu kwa watu mia mbili bure."

"Sikuitoa. Niliomba."

Alifungua simu, akamwonyesha orodha ya Jumanne. Bwana Hostetler hakujua Kiswahili, lakini majina aliweza kuyasoma, akawa anaweka kidole na kuuliza, kama polisi. Huyu? Figo. Huyu? Mimba inatishia kutoka. Huyu? Mwanawe yuko jela. Kidole kilishuka, kikasimama.

"Hapa pameandikwa Hostetler."

"Presha," alisema Dafroza. "Tangu Februari, ulipoanguka pale mlangoni."

"Niliwaambia mtu asijue."

"Ndiyo."

"Watu mia mbili wanajua presha yangu."

"Wanaiombea kila wiki."

Bwana Hostetler alivua miwani, akaikalisha juu ya karatasi. Dafroza alitegemea kuona hasira, au pengine shukrani, akaona kitu kingine. Alimwona mtu anayejiuliza ni nini tena katika maisha yake kimeshasomwa jikoni kwa watu Louisville. Bwana Hostetler alichana karatasi ya sahihi. Akasema Bahizire atarudi Jumatano. Akasema Dafroza ataendelea kufua, ila majina yatashonwa na fundi wa nje, na vikaratasi vya wanaopunguzwa havitafika tena mezani kwake.

"Asante," alisema Dafroza.

Wakati anatoka alikutana na Halkola kwenye ujia, magongo mawili kwapani. Kipa alisimama kumpisha.

"Mama yangu alisikia kwa jirani," alisema. "Jirani aliona mtandaoni." Akasema kama anayetoa habari ya hali ya hewa, akaendelea na magongo yake. Dafroza alimtazama mpaka akakunja kona. Hakuweza kujua kama kipa ameshaambiwa ni nani, au kama alimchagua yeye kumwambia kwa sababu anajua.

Mchana ule alikwenda kwa Bahizire. Waliishi Whitehall ileile, maghorofa ya upande wa pili wa barabara kubwa. Bahizire alifungua mlango nusu, akausimamia.

"Umekuja kuangalia nini tena?"

"Nimekuja kukuambia utarudi kazini Jumatano. Haukuwa wewe. Ilikuwa mimi." Akamsimulia yote, amesimama pale nje, na Bahizire hakumkaribisha ndani.

"Donc weye ndiye ulisema nina mdogo wangu Buffalo."

"Ndiyo."

"Ijumaa niliona vile ulikuwa unaniangalia. Nikasema, huyu mama anajua kitu. Nikafikiri ni weye ulisema mambo ya kipa, nikakataa kukutaja. Patron aliniuliza, unamshuku nani? Nikamwambia, hakuna."

Dafroza alirudi nyuma hatua moja.

"Kazi nitarudi. Bon. Na jina?" Bahizire alitoa simu mfukoni, akamgeuzia kioo. "Mama-mukwe wangu, Mama Nabintu, iko Louisville, iko mu ile jumuiya yenu. Jumapili anapigia bibi yangu, analia. Anasema, bwana yako ameuzisha siri za wazungu, tunamuombea akiri. Kanisa muzima banasema. Zéphyrin kule Buffalo, banamuuliza mlikula bei gani. Miye sikusema kitu, Mama Dafro. Miye nilikuwa nanoa viatu."

"Nitaongea na dada yangu aifute."

"Hapana, usifute. Ukifuta watasema mumeficha." Alisukuma mlango kidogo, ukabaki ufa. "Uliniweka mu maombi mbele ya watu wote. Unitoe palepale."

Jumanne saa kumi na mbili jioni jua lilikuwa bado dirishani. Pantaleo aliwasha taa bila sababu, akaenda kukaa chumbani. Generoza alisalimia miji, akauliza nani ana baridi na nani ana joto, na kabla hajafika kwenye nia, Dafroza akasema, "Dada, naomba niseme kitu kwanza."

"Sema, mdogo wangu."

"Bahizire wa Columbus hakutoa siri yoyote. Niliitoa mimi, hapa, kwenye simu hii, Jumanne iliyopita. Mmoja wetu, au mtu aliye karibu na mmoja wetu, akaipeleka nje, simjui na simtafuti. Nilipoulizwa nikamsukumia Bahizire. Halafu nikaleta jina lake kwenu, nikataka mmwombee akiri, na wa kukiri ni mimi."

Simu ilinyamaza kwa namna ambayo simu ya watu wengi hunyamaza, kila mmoja anahofia pumzi yake isisikike. Dafroza aliwaza kwamba miongoni mwao mmoja ananyamaza zaidi ya wengine.

"Umemaliza?" aliuliza Generoza. Sauti yake ilikuwa ya dada mkubwa, bila huruma na bila ukali.

"Nimemaliza."

"Mama Nabintu, upo? Umesikia?"

"Nimesikia," alisema mwanamke mmoja. "Na mtoto wangu amesikia, yuko hapa kwenye simu na bwana yake. Lakini maneno ya Jumapili yalifika kanisani. Haya ya leo yako kwenye simu."

"Nitayaandika," alisema Generoza. "Nitayatuma kwenye kundi kama yalivyosemwa, na Jumapili nitayasoma baada ya misa, na wewe, Mama Nabintu, utasimama karibu nami." Kalamu ilisikika kwenye daftari kwa muda mrefu. Bahizire, kama alikuwepo kweli, hakufungua sauti.

Kisha mtu wa Buffalo akakohoa. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, au ya mtu anayeongea akiwa mbali na simu, Dafroza hakuitambua.

"Na yule kipa wetu tuliyemwombea, nyonga yake inaendeleaje? Atacheza lini?"

Dafroza alikuwa amemwona asubuhi ile. Alijua idadi ya wiki atakazokaa nje. Alijua na jina la kipa mpya, aliyefika kwa ndege saa tano. Alisikiliza kimya kilichofuata swali, akajaribu kusikia kama nyuma ya yule mwanamke kuna mtu mwingine anayevuta pumzi.

"Sijui," alisema, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwenye rozari.